Barabara Zilizobaki Bila Watu: Kwa Baiskeli Mkoani Ariège

Kusini kidogo ya kijiji cha Le Mas-d'Azil, barabara ya lami inakutana na ukuta wa mlima, na badala ya kuuzunguka inaingia ndani yake. Si handaki lililochongwa na mafundi. Ni pango lililotobolewa na mto Arize kwa maelfu na maelfu ya miaka, lenye urefu wa takriban meta 420, na tangu karne ya 19 barabara imepita humo humo, bega kwa bega na mto. Mwendesha baiskeli anayeingia mchana wa Julai, jasho likimchuruzika, hupigwa na baridi ya ghafla. Jua linakatika. Maji yanavuma ubavuni, mlio wa cheni unarudi kwa mwangwi, na matone yanadondoka kutoka juu, hata lami huwa na unyevu wakati nje hapajanyesha. Mwenye busara hupunguza mwendo na kuwasha taa. Kisha dari la mwamba linapanda, linapanda zaidi, mpaka upande wa kusini pango linafunguka kwa tao lenye kimo cha makumi ya meta, na mwanga wa bonde unarudi wote kwa mara moja.

Watu waliishi humo tangu zama za mawe. Mwanaakiolojia Édouard Piette alichimba pangoni mwishoni mwa karne ya 19, akakuta vijiwe vya mtoni vilivyopakwa alama za rangi nyekundu, na utamaduni wa watu wale ukapewa jina la mahali hapa. Mwaka 1625, katika vita vya dini, baadhi ya Waprotestanti wa kijiji walijihifadhi humo wakati jeshi la mfalme limewazingira. Leo hupita magari madogo, matrekta na baiskeli, na kupita hakulipiwi.

Pango hili liko katika mkoa wa Ariège, kusini mwa jiji la Toulouse, chini ya milima ya Pyrenees inayoitenganisha Ufaransa na Hispania. Wengi wanaijua milima hiyo kwa televisheni, zile siku chache za Julai ambapo mashindano ya Tour de France hupanda vilele vyenye majina makubwa. Lakini utamu wa nchi hii kwa mtu wa kawaida mwenye baiskeli hauko vileleni. Uko chini, mabondeni na kwenye vilima, katika barabara nyembamba ambazo kamera huzipita kwa dakika moja.

Ramani inaeleza sababu. Mito ya upande huu hushuka kutoka milimani kuelekea kaskazini, imepangana kama meno ya kitana: Salat, Arize, na Ariège wenyewe uliotoa jina la mkoa, yote ikienda kuingia mto Garonne. Kila bonde lina barabara inayofuata maji. Anayepanda na mto hupanda taratibu, mara nyingi bila hata kugundua kwamba anapanda, mpaka atakapogeuka na kuona jinsi baiskeli inavyokimbia yenyewe. Anayetaka kutoka bonde moja kwenda jingine, yaani kukata nchi kutoka mashariki kwenda magharibi, hana budi kuvuka ukingo wa mlima kupitia kipito, ile sehemu iliyolegea kati ya vilele viwili ambayo Wafaransa huiita col. Hivyo safari ya siku moja hujipanga yenyewe: mto, kipito, mto tena. Kazi halafu pumziko. Ni vigumu kupata nchi iliyopangika vizuri zaidi kwa ajili ya miguu ya binadamu.

Jambo la pili linaloifanya Ariège iwe ilivyo lina uchungu ndani yake. Barabara hizi ni tupu kwa sababu watu waliondoka.

Katikati ya karne ya 19 mkoa ulikuwa na watu zaidi ya laki mbili na nusu. Kila kipande cha mlima kilicholimika kililimwa, hata miteremko ambayo leo imefunikwa na msitu. Barabara na vijia vilikatwa kwa ajili ya mikokoteni ya mbao, madini ya chuma, makaa na mifugo. Kisha ardhi ikashindwa kuwalisha wote. Vijana wakashuka Toulouse, wakaenda Paris, wakavuka bahari. Vita Kuu ya Kwanza ikachukua wengine. Karibu kila kijiji kina mnara wenye majina ya waliokufa kati ya 1914 na 1918, mara nyingi orodha ndefu isiyolingana na udogo wa kijiji. Leo wakazi wa mkoa mzima ni kama 155,000. Lakini barabara zilibaki, na serikali ya mkoa inaendelea kuzitunza: lami inazibwa, madaraja yanakarabatiwa, na vile viguzo vya mawe vyenye vichwa vya njano bado vinahesabu kilomita moja baada ya nyingine.

Kijiji cha Ercé, katika bonde la mto Garbet, kinabeba historia hiyo kwa namna isiyosahaulika. Katika karne ya 19 wanaume wa huko walikamata watoto wa dubu milimani, wakawafuga na kuwafundisha kucheza, kisha wakatembea nao kwa miguu nchi moja hadi nyingine wakichangisha senti za watazamaji. Safari hizo ziliwafikisha mpaka Marekani, na wengi hawakurudi. Jijini New York watu wa Ercé walipata kazi katika mahoteli na mikahawa, na siku ya mapumziko walikutana kwenye mwamba mmoja ndani ya bustani ya Central Park. Mwamba huo unajulikana mpaka leo kwa jina la Roc d'Ercé. Anayepita Ercé kwa baiskeli ataona barabara moja, kanisa, nyumba za mawe na madirisha mengi yaliyofungwa. Ni vyema ajue waliofunga madirisha hayo walikwenda wapi.

Dubu nao walikaribia kwisha kabisa. Tangu 1996 serikali ya Ufaransa imekuwa ikileta wengine kutoka Slovenia na kuwaachia huru, na sasa katika Pyrenees nzima, pande zote mbili za mpaka, wamezidi 80. Wengi wao wanapendelea misitu ya Ariège. Wafugaji wa kondoo hawajafurahi, nao wana haki ya kusikilizwa, maana anayeamka asubuhi na kukuta kondoo wameuawa ni wao, si mtalii wa mjini.

Mashindano ya baiskeli nayo yalifika hapa mapema. Tarehe 19 Julai 1910 waendesha baiskeli wa Tour de France waliondoka Perpignan kuelekea Luchon, umbali wa kilomita 289, na njiani wakavuka Col de Port, kipito chenye kimo cha meta 1,250 kati ya Tarascon-sur-Ariège na kijiji cha Massat. Ndiyo iliyokuwa siku ya kwanza ya Tour kuvuka vipito vya Pyrenees. Barabara ilikuwa ya changarawe. Baiskeli hazikuwa na gia za kubadilisha kwa waya. Aliyetaka gia nyepesi ya kupandia alishuka, akafungua gurudumu la nyuma na kuligeuza upande wa pili wenye meno tofauti. Octave Lapize alishinda siku ile, akashinda tena siku mbili baadaye katika safari ya kilomita 326 kutoka Luchon hadi Bayonne, ambako njiani, akiwa hoi juu ya mlima, aliwaita waandaaji wauaji. Mwisho wa yote ndiye aliyeibuka bingwa mjini Paris. Hakuishi kuzeeka: aliuawa Julai 1917 akiwa rubani wa ndege ya kivita.

Col de Port ni mlima wa kuanzia kwa yeyote asiyewahi kupanda Pyrenees. Kutoka Tarascon ni kama kilomita 17, na wastani wa mwinuko haufiki asilimia 5. Hesabu hiyo ni rahisi: asilimia 5 maana yake ni kwamba kila ukienda meta 100 mbele umepanda meta 5. Mtu mwenye afya anaweza kupanda hivyo kwa zaidi ya saa moja akiwa bado ana pumzi ya kuzungumza. Ikifika asilimia 8 mazungumzo yanakwisha. Asilimia 12 humlazimisha kusimama juu ya pedali. Kwenye vipito vingi kuna vibao vidogo vilivyowekwa kila kilomita kwa ajili ya wapanda baiskeli tu: vinaonyesha kimo ulipofika, kilomita zilizobaki, na ukali wa kilomita inayofuata. Kibao kikisema 9, moyo unashtuka. Lakini ni afadhali kujua.

Upande wa mashariki wa Col de Port hewa ni kavu kidogo na misitu imepungua. Ukishavuka kilele kuelekea Massat, mawingu ya Atlantiki ndiyo yanayotawala: nyasi nzito, miti mikubwa, mabanda ya mawe yaliyotelekezwa ndani ya vichaka. Mabadiliko hayo yanatokea ndani ya kilomita chache tu, na mwenye gari anaweza asiyaone.

Kwenye mlima huo huo kuna mlango wa kitu kingine kabisa. Kutoka bonde la Massat, barabara nyembamba huupanda Mur de Péguère, "ukuta" wa Péguère, ambao mwinuko wake hufikia asilimia 18 kabla ya kufika meta 1,375. Hapo ndipo, tarehe 15 Julai 2012, mtu asiyejulikana alipotupa misumari midogo barabarani karibu na kilele wakati Tour ikipita kuelekea Foix. Kama watu 30 walipata pancha. Cadel Evans, bingwa wa mwaka uliotangulia, alisimama kando ya njia akingoja gurudumu huku wenzake wakimpita. Bradley Wiggins, aliyevaa fulana ya njano ya kinara, angeweza kuitumia nafasi hiyo. Badala yake alilipunguzia mwendo kundi lote mpaka waliopata pancha waliporudi. Mtu aliyetupa misumari hakupatikana. Wiggins alishinda Tour mwaka ule, na hapana shaka kitendo chake pale Péguère kilimpa heshima ambayo saa haipimi.

Kwa msomaji wa Afrika Mashariki kuna siku nyingine ya kukumbukwa zaidi. Chris Froome alizaliwa Nairobi mwaka 1985, na alijifunza mbio za baiskeli akiwa kijana chini ya David Kinjah, mwendesha baiskeli wa Kenya anayewalea vijana huko Kikuyu. Baadaye aliingia mashindanoni kwa bendera ya Uingereza. Tarehe 6 Julai 2013 Tour ilivuka Col de Pailhères, meta 2,001, ikashuka Ax-les-Thermes na kupanda tena mpaka kituo cha michezo ya theluji kilicho juu ya mji huo. Froome aliwaacha wote katika mpando wa mwisho, akamaliza sekunde 51 mbele ya mwenzake Richie Porte, na jioni ile akavishwa fulana ya njano. Hakuivua tena hadi Paris. Ndiyo Tour ya kwanza kati ya nne alizoshinda, nayo ilifunguka hapa Ariège. Tangu hapo Biniam Girmay wa Eritrea ameshinda hatua tatu za Tour ya 2024 na fulana ya kijani, na mwaka 2025 Kigali ikawa mji wa kwanza wa Afrika kuandaa mashindano ya dunia ya baiskeli za barabarani. Vijana wanaokulia kwenye vilima vya Rwanda, Eritrea au Kikuyu hawana cha kuogopa Pyrenees. Wanachokosa ni baiskeli nzuri na nauli.

Ax-les-Thermes penyewe ni mji wa chemchemi za moto. Katikati ya mji kuna bwawa la mawe, Bassin des Ladres, ambalo asili yake ni mwaka 1260, lilipojengwa kwa ajili ya wenye ukoma. Maji yanafuka mvuke. Watu hukaa ukingoni, wakavua viatu na kutumbukiza miguu bila malipo: wazee wa mji, watoto, na wapanda baiskeli wenye mistari ya vumbi na jasho magotini. Baada ya kilomita 100 za milima hakuna dawa inayoishinda.

Kuna njia mbili za kufika Ax kutoka Tarascon. Ya kwanza ni barabara kuu iendayo Andorra, yenye malori na magari ya watu wanaokimbilia sigara na pombe za bei nafuu kule. Mwendesha baiskeli aiepuke kabisa. Ya pili inaitwa Route des Corniches, nayo inapita juu, ubavuni mwa mlima, ikiunganisha vijiji kama Axiat, Vernaux na Unac, kila kimoja na kanisa lake dogo la mawe lililosimama tangu Zama za Kati. Inapanda na kushuka bila kukoma, ni ndefu kuliko ile ya chini, na inachosha. Ndiyo barabara bora kuliko zote mkoani. Bonde lote linaonekana chini: mto, reli, na barabara kuu yenye magari madogo yasiyosikika. Ng'ambo kuna vilele vya mpakani. Juu ya Luzenac, karibu meta 1,800, linaonekana doa jeupe la machimbo ya Trimouns, miongoni mwa machimbo makubwa kabisa duniani ya talki, lile jiwe laini linalosagwa kuwa poda.

Baiskeli ya kwenda nayo si lazima iwe ya gharama. Kinachohitajika ni gia nyepesi. Paul de Vivie, mwandishi wa Saint-Étienne aliyejulikana kwa jina la Vélocio na kufariki 1930, alitumia maisha yake kuhubiri gia za kubadilisha wakati wakubwa wa mashindano wakiziona ni za wazee; Tour haikuziruhusu hadi 1937. Leo hakuna anayebisha. Kwa Ariège, gia ndogo ya mbele iwe na meno 34 au pungufu, na ya nyuma kubwa ifikie 32 au 34. Tairi za upana wa milimita 28 hadi 32 zinavumilia changarawe iliyomwagwa kwenye lami mpya. Breki zikaguliwe kabla ya safari, kwa sababu anayepanda kilomita 17 atashuka nyingi vilevile, na jasho la mpando huwa barafu kwenye mteremko. Wakongwe wa mashindano walijaza magazeti kifuani kabla ya kushuka. Siku hizi koti jepesi la kuzuia upepo hukunjwa likaingia mfukoni.

Vélocio alisisitiza pia kwamba mtu ale kabla ya kusikia njaa na anywe kabla ya kiu. Huku ushauri huo una uzito wa pekee, kwani maduka ni machache na mengi hufungwa mchana, kuanzia saa sita hadi saa nane au zaidi, na Jumatatu baadhi ya maduka ya mikate hayaoki kabisa. Maji yana siri yake. Chemchemi ya kijiji ikiandikwa "eau potable", maji yanafaa kunywa. Ikiandikwa "non potable", pita. Pasipo na chemchemi, waendesha baiskeli wa Ufaransa huenda makaburini. Karibu kila eneo la makaburi lina bomba la kumwagilia maua, na mgeni anayeingia kwa adabu kujaza chupa yake hafukuzwi.

Sheria ziko upande wa mwendesha baiskeli. Dereva anayempita lazima aache nafasi ya angalau meta moja mjini na meta moja na nusu nje ya mji. Usiku nje ya mji, koti linaloakisi mwanga ni lazima. Hatari isiyoandikwa kwenye sheria hizo iko malishoni: mbwa wakubwa weupe wanaolinda kondoo dhidi ya dubu. Wachungaji wanashauri jambo moja. Shuka, tembea polepole, weka baiskeli kati yako na mbwa, usimtishe wala usimtupie jiwe. Akishajua huna nia mbaya atarudi kwa kondoo wake. Na mwezi Juni mifugo inapopandishwa malishoni, au vuli inaposhushwa, barabara ni yao. Ng'ombe mia wakiijaza njia, msafiri hungoja.

Juni na Septemba ndiyo miezi mizuri. Julai na Agosti joto ni kali na ngurumo za alasiri si haba. Kuanzia Novemba theluji huvifunga vipito vya juu kama Pailhères. Asiyetaka milima kabisa ana njia ya reli ya zamani kati ya Foix na Saint-Girons, kilomita 42, iliyong'olewa vyuma na kuachiwa watembeaji na baiskeli. Akifika Saint-Girons Jumamosi, siku ya soko, atakuta jibini la Bethmale na croustade, mkate mwembamba uliojazwa matunda ya tofaa. Kufika mkoani kwenyewe ni rahisi: treni za Toulouse hupita Pamiers, Foix, Tarascon na Ax, na iko treni ya usiku kutoka Paris. Masharti ya kubeba baiskeli yaangaliwe kabla ya kukata tiketi.

Kwa Waswahili wanaoishi Ulaya, ambao Toulouse si mbali nao, safari hii iko ndani ya uwezo. Ombi ni moja. Wasijaze mikoba yao vyakula vya supamaketi ya mjini. Wanunue mkate, jibini na kahawa katika vijiji wanavyopita, kwa sababu mkahawa wa kijiji cha watu 200 hauwezi kuishi kwa wenyeji peke yao, na ukifungwa mara nyingi haufunguliwi tena.